Siku moja maishani mwangu: mama mkwe wa kwenye picha

Saa 11:20 alfajiri

Skripti ya leo iliingia kwenye simu jana saa 5 usiku, nimeshashusha neti. Kurasa nne. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya mto. Kukariri nakuachia alfajiri, nikishasali, wakati mtaa wetu wa Magomeni umetulia na kichwa hakijapokea maneno ya mtu mwingine. (Magomeni ya Bagamoyo, siyo ya Dar.)

Maneno sikariri kwenye simu. Nayanakili kwa mkono kwenye daftari, yangu kwa kalamu ya bluu, ya mwenzangu kwa nyekundu, yote, hata herufi siruki. Vijana huniuliza kwa nini najichosha kuandika maneno yatakayosemwa na mtu mwingine. Nawaambia yale mekundu ndiyo kazi yenyewe. Mimi siyo stelingi, sijawahi kuwa. Kwenye picha nyingi nilizocheza, sentensi zangu zinaenea kwenye kiganja. Muda uliobaki nipo pale namsikiliza mwenye picha yake. Nikimsikiliza kiuongo, mtazamaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa, na lawama zitamwangukia yeye, wala hazitanifikia mimi.

Baada ya daftari nashika ufagio. Maneno hayaniingii nikiwa nimekaa, lazima mikono iwe na shughuli. "Nyumba hii nimeijenga mimi na marehemu baba yake. Wewe umekuja hapa na begi moja." Nafagia, narudia. Naanza mlangoni, na nikifika kwenye mwembe sentensi imeacha kuwa ya mwandishi wa skripti, imekuwa ya mwanamke mwenye umri wangu aliyebeba tofali kichwani miaka ile.

Saa 12:40 asubuhi

Chai ya tangawizi na mihogo ya jana. Wakati chai inapoa nafungua daftari lingine, la jalada gumu, ambalo wanangu wanajua haliguswi. Tangu mwaka 1996 naandika humo kila nafasi niliyocheza: ya jukwaani, ya redioni, ya mbele ya kamera, hata zile za kupita tu na ndoo. Hili ni la nne. Namba ya mwisho niliyoandika ni 187.

Lina safu tatu: namba, jina, na "anataka nini". Kwenye skripti watu wangu hawana majina. Wameandikwa "Jirani wa 2", "Nesi", "Mama sokoni". Mimi nawapa majina. Namba 52 aliandikwa "Mwanamke foleni ya maji", hana hata neno moja. Nilimwita Mwanahawa, na kwenye safu ya tatu niliandika: kufika nyumbani kabla mtoto hajaamka. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Lakini nilivyosimama pale kwenye foleni, nilivyokuwa nikichungulia mbele, nilivyohamisha ndoo kwa mguu badala ya kuinama, vyote vilitoka kwenye sentensi ile moja. Dairekta aliniweka mbele kidogo kwenye fremu, akasema hajui kwa nini.

Saa 1:15

Begi la nguo. Kwa asiyezijua kazi zetu: stelingi anavalishwa, ana mtu wa mavazi. Sisi tunapigiwa simu tunaambiwa "mama, njoo na pea tatu". Kwa hiyo begi hili ndilo mtaji wangu. Kuna doti sita za kanga, dera mbili, baibui moja lililopauka na jingine jipya, gauni jeupe la unesi nililoshonesha mwenyewe, miwani isiyo na vioo, viatu vya kuburuza na viatu vya kwenda ofisini.

Kanga ndizo zinazonichukulia muda. Ukijitanda ukafunika kichwa, hatua inakuwa fupi na shingo inatulia. Ukijifunga kibwebwe, mgongo unanyooka wenyewe na sauti inapanda. Ukiifunga kifuani uko nyumbani kwako, huogopi mtu. Wanawake watatu hao, na hujabadilisha hata kitambaa.

Halafu kuna jina. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na sisi watu wa Pwani tunasoma jina kabla hatujamsalimia aliyeivaa. Miaka ya nyuma nilicheza mama mmoja anayemfukuza mjukuu wake usiku wa mvua. Picha ilipotoka, nilikuwa nimegeuka mgongo na kwenye kioo kizima imesimama "Wema hauozi". Dairekta hakuona, mtu wa mavazi hakuwepo, na mimi nilikuwa nimechukua kanga iliyokuwa juu ya begi. Sini ile ingekuwa nzuri sana, na iliharibika kwa maneno mawili. Tangu siku hiyo nachagua jina kama ninavyochagua maneno.

Leo nimechukua "Hasidi hana sababu". Mtu wa nje ataisoma kama kijembe kwa mkwe. Mimi naisoma kama mama mkwe mwenyewe anavyoisoma: yeye ndiye anayehusudiwa, yeye ndiye anayeonewa. Sijawahi kumcheza mtu mbaya anayejijua kuwa ni mbaya, na sidhani kama yupo.

Saa 2

Bodaboda hadi Mji Mkongwe. Pale penye kona ya kuingilia Mtaa wa India kuna dada anakaanga vitumbua. Kwa kawaida tunasalimiana. Leo amenitazama, akageukia chuma chake.

"Dada, za asubuhi?"

"Nzuri." Kimya. Akageuza kitumbua. "Lakini yule mtoto wa watu unamtesea nini, mama?"

Anaangalia tamthilia. Tumeshafika mahali ambapo nimemfungia mkwe wangu chakula kabatini. Nilimwambia asubiri, mambo yatageuka, nikanunua vitumbua vitano. Amenipa sita. Lakini uso haukufunguka.

Jambo hili silichukii, na nitasema kwa nini. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Miaka ya sabini mama yangu alikuwa akitupeleka sinema ya Majestic kuangalia picha za Kihindi. Kihindi hatukijui, lakini kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye akitokea tu, mama anasonya. Mwanamke wa makamo, sari imekaza mabegani, na jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Likikuangalia lile jicho unajua leo mkwe hali. "Huyo keshakuja," mama anasema, na wanawake wa mstari mzima wanaitikia kwa msonyo. Stelingi wa picha zile majina yao nimeyasahau. Yule mama sikumsahau. Niliporudi nyumbani nilijifungia chumbani nikajaribu kufinya jicho kama yeye mbele ya kioo. Nilikuwa na miaka minane.

Saa 2:30 hadi saa 5

Lokesheni ni nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi, karibu na ngome. Tumesubiri. Kusubiri ni sehemu kubwa ya kazi hii na hakuna anayekufundisha. Leo ilikuwa jenereta, halafu kunguru, halafu fundi anayepiga bati nyumba ya pili, ikabidi aombwe, akaomba soda. Nimekaa ndani ya kanga yangu bila kuilegeza, maana nikiifungua na kuifunga upya pindo halitakaa kama lilivyokaa kwenye sini ya jana, na mhariri atateseka.

Saa 5:10

Sini ya 18. Mkwe amerudi amechelewa, mama mkwe yuko kitini anamsubiri. Maneno kidogo, kisha kofi.

Dairekta ni kijana mzuri, anaijua kamera. Akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu. "Mama, hapa naomba uhalisia. Mzabe kweli. Moja tu, tunaipata teki ya kwanza tunamaliza."

Binti mwenyewe akadakia: "Mama, mimi sina shida. Nizabe tu." Ana miaka 22, hii ndiyo tamthilia yake ya kwanza ya kubeba. Mdomo ulikuwa unasema hana shida. Vidole vilikuwa vinasokota pindo la dera mpaka limekunjamana.

Nikamwambia dairekta: "Mwanangu, mtoto wa mwenzangu simpigi. Nipe dakika kumi nitakupa kofi zuri kuliko hilo."

Nikamweka binti kwenye mkeka nikamsimulia habari za yule mama wa Majestic. Jina lake nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima: Lalita Pawar. Lile jicho hakuzaliwa nalo. Kabla yake alikuwa stelingi, msichana mzuri anayeimba na kupendwa kwenye picha. Mwaka 1942, kwenye upigaji wa sini moja, mwigizaji mwenzake alitakiwa kumzaba kofi, akamzaba kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Mshipa wa jicho la kushoto ukapasuka, upande wa uso ukapooza. Alitibiwa miaka mitatu. Aliporudi, jicho lilikuwa limebaki dogo, na nafasi za ustelingi zimekwisha. Akaanza kupewa mama wakali, mama wakwe, wachongezi. Hakuziacha. Alicheza picha zaidi ya 700 mpaka alipofariki mwaka 1998, na jicho lile lililoharibiwa na kofi ndilo lililomsonyesha mama yangu Tanga, ng'ambo ya bahari.

Binti alinyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mama, kumbe alikuwa mtu mzuri?"

Nikamwambia sijui kama alikuwa mzuri au mbaya. Alikuwa fundi. Na ufundi ule ulimgharimu uso wake, kwa jambo ambalo lingeweza kufanywa bila kumgusa.

Basi nikamfundisha kofi, kama nilivyofundishwa mimi Chuo cha Sanaa hapa hapa Bagamoyo nilipoingia mwaka 1989. Kamera inakaa nyuma ya bega langu, inamtazama yeye. Kati yangu na yeye kuna nafasi ya mkono mzima. Kamera haiwezi kuipima nafasi hiyo kwa upande ule. Mkono wangu unapita mbele ya uso wake, mbali na pua kwa shubiri moja na nusu, bila kusita, maana mkono unaosita ndio unaoonekana wa uongo. Wakati huohuo yeye anajipiga paja kwa kiganja, chini ya fremu, sauti ipatikane papo hapo hata kama mhariri ataweka nyingine. Na shingo. Kofi lipo kwenye shingo ya anayepigwa. Shingo ikienda kabla ya mkono ni maigizo, ikienda baada ni kuchelewa. Iende mkono unapovuka pua, ijikate, ibaki ilipofika, isirudi haraka. Mtu aliyezabwa hairudishi shingo haraka, anaona haya.

Tulifanya polepole mara kumi, kama watoto wanaojifunza ngoma. Teki ya kwanza shingo ilitangulia. Ya pili kunguru. Ya tatu paja halikulia. Ya nne, nilisikia mlio, nikaona nywele zimemwagika shavuni, na nyuma ya kamera mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema "Yallah!" mpaka tukalazimika kurudia kwa ajili ya sauti. Baada ya hapo alimwita binti akamshika kidevu, akamgeuza mwangani kuangalia shavu. Halikuwa na alama yoyote. Akamgeuza tena.

Kilichobaki kilikuwa changu. Skripti inasema: mama mkwe anaondoka kwa hasira. Lakini mimi safu yangu ya tatu nilikuwa nimeshaiandika tangu sini ya kwanza: anataka aulizwe. Hakuulizwa mwanawe alipooa, hakuulizwa walipohamisha kitanda cha marehemu. Mwanamke huyo akimzaba mtoto wa watu, haondoki kwa hasira. Anautazama mkono wake. Nikautazama. Nikaufuta kwenye kanga, mara mbili, kama mtu aliyeshika mafuta, halafu ndipo nikatoka. Dairekta hakusema kata mpaka nilipofika uani.

Saa 6:20

Kamera ikageuka, sasa ni klozapu ya binti. Mimi sionekani tena. Msaidizi wa dairekta akaniambia kwa upole, "Mama, nenda kapumzike, chakula kimefika, mtu atamsomea maneno yako."

Nimeshaona kusomewa huko. Kijana anashika simu, anasoma "nyumba hii nimeijenga mimi" kama anavyosoma bei ya vocha, na stelingi anatakiwa alie akiangalia stendi ya taa.

Nilibaki. Nikasimama shavuni kwa kamera, karibu kabisa na lenzi, ili macho yake yakinitafuta yaonekane kama yanavyotakiwa. Nikampa yote: sauti ileile, kiti kilekile nikiinuka, mkono uleule ukipita hewani. Mara sita. Mara ya tano alilia, siyo machozi ya kupaka, akalia akijizuia, kidevu kikacheza. Mara ya sita ilikuwa ya akiba tu.

Tamthilia ikitoka, kwenye fremu ile hutaniona. Lakini ukiangalia macho ya yule mtoto vizuri, kuna mtu anatazamwa. Huyo ni mimi. Hiyo naihesabu kazi kuliko zile sini ambazo kamera ilikuwa usoni kwangu.

Wali ulikuwa umepoa tulipofika. Binti akanichagulia kipande cha nyama kikubwa akakiweka kwenye sahani yangu bila kusema kitu.

Saa 8:40 mchana

Malipo. Nusu leo, nusu "wiki ijayo, mama". Sitaitaja kampuni. Nina nusu nyingine ya mwezi wa tatu nyuma ambayo nayo ni ya wiki ijayo. Inauma, na inauma zaidi kwa sababu wenzangu niliosoma nao, wenye vipaji kunishinda, wameacha kwa ajili ya hizi wiki zijazo. Siku hizi naomba karatasi iliyosainiwa kabla sijafungua begi. Wengine wananiona mgumu. Naomba kila kijana anayeanza nafasi ndogo afanye hivyohivyo.

Saa 10 jioni

Nimetembea kwa miguu hadi TaSUBa. Sisi wa zamani bado tunakiita Chuo. Kilianza mwaka 1981, na mwaka 2007 ndipo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wakati wetu hukuchagua kitu kimoja: asubuhi ngoma, mchana sarakasi, jioni maigizo, na mbao za kuchonga zinakusubiri. Nikimwona mwigizaji anayejua kuanguka bila kuumia najua amepitia wapi.

Wanafunzi wanapiga filamu fupi ya mtihani wao. Hakuna malipo, kuna nauli na maji. Nimekubali kwa sababu niliombwa na mtoto wa mwaka wa kwanza aliyekuja nyumbani kwangu mwenyewe, akavua viatu, akanisomea skripti yote kwa sauti akiwa amesimama.

Tukielekea ufukweni wakaniuliza nani waangalie ili wajifunze nafasi za pembeni. Nikawaambia waanze na wazee wetu. Televisheni ya ITV ilipoanza mwaka 1994, na vikundi vya maigizo kama Kaole vikaja kuingia sebuleni mwa watu, sura tulizozizoea hazikuwa za vijana peke yao. Nikawatajia Mzee Jengua, Mohamed Fungafunga, aliyetutoka Desemba 2020, baba mkali wa nyumba ngapi sijui. Nikawapa sharti moja: wasimwangalie anapoongea. Wamwangalie anapoongeleshwa.

Dairekta wao, yule binti wa mwaka wa kwanza, akatoa kalamu. "Mama, mwishoni jina lako tuandikeje?"

Nilisimama. Katika namba zangu 187 sijui kama nimeulizwa hivyo mara kumi. Kuna picha nimeandikwa "Mama". Kuna picha nimeandikwa jina la mtu mwingine. Nyingi sikuandikwa kabisa. Kila nikifikiria hilo namkumbuka Hattie McDaniel wa Marekani, mwanamke mweusi aliyecheza wajakazi katika zaidi ya picha 300, na nyingi jina lake halipo. Mwaka 1940 alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar yoyote. Siku ya sherehe, kwenye hoteli moja ya Los Angeles, waigizaji wenzake walikaa pamoja, yeye akawekewa meza yake pembeni, ukutani, kwa sababu ya rangi yake. Na alichokabidhiwa kilikuwa kibao. Ile sanamu waliyopewa wakubwa, wasaidizi walikuja kuanza kupewa mwaka 1944.

Nikamwandikia binti majina yangu matatu, kwa herufi kubwa, asikosee.

Saa 11:15 jioni

Soko la samaki. Boti zimeshashusha, makarai yanachemka, moshi wa mafuta unakwenda upande wa baharini, bahati nzuri kwa kamera. Mama mmoja anayekaanga pale ametuazima benchi na sahani zake, na mimi nimejifunga kanga yake juu ya yangu ili ninuke samaki. Harufu haionekani, lakini kijana aliyekaa mbele yangu anaisikia, na kitu fulani usoni kwake kinabadilika.

Sini ni hii: kijana amerudi Bagamoyo baada ya miaka, amechelewa maziko ya baba yake aliyekuwa mvuvi. Anakaa kwa mama ntilie ambaye hajui kama anamkumbuka. Mama ntilie ana sentensi moja: "Vimebaki vichwa tu, baba."

Maneno manne tu. Teki ya kwanza nilisema kama mtu anayeomba radhi. Ya pili kama mfanyabiashara anayetaka kufunga. Ya tatu nilimtambua kijana, ikawa nzito mno, nikajirudi mwenyewe kabla binti hajasema kata. Ya nne mbwa. Ya tano kijana alisahau. Ya sita ilikuwa safi na binti akasema asante, tunayo. Lakini alikuwa anauma kalamu.

"Turudie?" nikamuuliza.

"Mama umechoka."

"Sijachoka."

Jua lilikuwa limebakiza kama upana wa vidole viwili. Teki ya saba, sikupanga kitu. Nilichukua sahani, kichwa cha changu na ndimu, nikaja. Benchi mbele ya kijana lilikuwa na magamba. Nikayafuta kwa kiganja, taratibu, yote, mpaka kwenye ukingo, ndipo nikaweka sahani. Nikasema maneno yangu nikiwa nimeshageuka kurudi kwenye karai, na sauti ikakatika kwenye "baba". Haikukatika kwa kulia. Ilikatika kama uzi.

Hakuna aliyesema kitu. Mwenye karai lake akaacha kugeuza samaki. Binti akasahau kusema kata, kijana aliyekuwa kwenye benchi akaanza kula, na kamera ikaendelea mpaka betri ilipolia.

Saa 2 usiku

Nimeoga, harufu bado ipo kwenye nywele. Nimeloweka kanga, ile ya "Hasidi hana sababu" nimeifua peke yake maana inahitajika tena keshokutwa na rangi yake inatoa. Miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mwanangu wa kike amepiga kutoka Tanga, anauliza nimekula nini, nimemwambia wali na kichwa cha changu, akacheka.

Saa 3:30

Daftari la jalada gumu. Mama mkwe ana namba yake tangu mwezi wa tano, leo nimeongeza pembeni tu: *anaufuta mkono*.

Halafu 188. Jina: Bi Zaina. Hilo lilikuja lenyewe nikiwa njiani. Safu ya tatu, anataka nini, nimeishikia kalamu mpaka wino ukaanza kufanya doa. Teki sita za kwanza ningeweza kuziandikia kila moja jibu lake. Ya saba sijui alikuwa anataka nini. Alifuta magamba.

Simu imeita. Skripti ya kesho, kurasa mbili, Nesi. Nimeacha ile nafasi wazi, nikafunga daftari, nikaenda kulitoa gauni jeupe nilipige pasi kabla umeme haujakatika.